Kazi ya Sensa ya Mwaka wa Kwanza: Mwongozo Kamili, Kutoka Kutafuta Namba Hadi Kutaja Chanzo

Kila muhula, mitihani ya CAT ikikaribia, hunijia wanafunzi wa mwaka wa kwanza na karatasi ile ile yenye wino mwekundu. Wengine hutoka Maseno, wengine Bondo, wengine Kakamega, na juzi mmoja alinitumia picha ya yake kutoka Njoro. Swali hubadilika maneno tu: chagua kaunti mbili, onyesha idadi ya watu ilivyobadilika kati ya sensa ya 2009 na ya 2019, zilinganishe, eleza, taja vyanzo.

Uniti ya hesabu hulitoa kama swali la asilimia. Uniti ya stadi za habari hulitoa kama swali la kutafuta na kupima vyanzo. Kazi ni moja, na wengi huangukia mahali pamoja. Kikokotoo hakina hatia. Mtu huwa ameshakosea kabla ya kukigusa, kwa kuokota namba asiyojua inahesabu nini.

Nitatumia Kisumu na Nakuru kama mfano mwanzo hadi mwisho. Wewe badilisha kaunti, hatua zibaki zile zile.

## Unachohitaji kabla ya kuanza

- Swali lenyewe kama lilivyotolewa na mhadhiri. Usitegemee muhtasari wa mwenzako kwenye grupu la WhatsApp, maana humo neno "kaunti" hugeuka "mji" bila mtu kugundua.
- Kikokotoo cha sayansi. Casio fx-82MS uliyofanyia KCSE inatosha kabisa.
- Daftari na kalamu mbili za rangi tofauti.
- Kompyuta au simu yenye nafasi. Ripoti za sensa ni PDF nzito, kwa hiyo zishushe ukiwa kwenye waifai ya maktaba, bando lako libaki kwa mambo mengine.
- Nywila yako ya maktaba ya chuo. Kama hujawahi kuitumia, nenda kwa mkutubi leo. Usingoje usiku wa kuamkia siku ya kuwasilisha.
- Jioni tatu. Moja ya kutafuta, moja ya kukokotoa, moja ya kuandika. Ukizibana zote usiku mmoja, ya kwanza ndiyo utakayoipunja, na ndiyo yenye alama nyingi.

## Hatua ya 1: Likatekate swali

Chukua kalamu ya pili, zungushia kila kitenzi kwenye swali. Kwa kawaida utapata vinne: kokotoa, linganisha, eleza, taja. Kila kitenzi kina alama zake. Mtu anayekokotoa vizuri asilinganishe amejitupia robo ya kazi.

Kisha andika kwa sentensi moja kile unachoulizwa, kwa lugha unayoifikiria nayo, iwe Kiswahili, Dholuo au Kilogooli. Swali limeandikwa kwa Kiingereza, na ni rahisi kulitazama ukadhani umelielewa.

Utajua umefaulu ukiweza kumweleza mwenzako wa chumba swali hilo bila kutazama karatasi, naye akakurudishia sawasawa.

## Hatua ya 2: Itafute namba mahali ilipozaliwa

Namba za sensa huzaliwa mahali pamoja: Shirika la Kitaifa la Takwimu, KNBS. Gazeti, Wikipedia, ukurasa wa kaunti na kijitabu cha mgombea wa MCA vyote vimenakili kutoka huko, na kila anayenakili ana nafasi yake ya kukosea. Wikipedia itumie kama mtu wa kukuelekeza njia. Shuka hadi kwenye tanbihi zake, uone alikoitoa namba, uende huko mwenyewe.

Kwenye Google, andika hivi:

`site:knbs.or.ke 2019 census volume I filetype:pdf`

Sehemu ya kwanza inamwambia Google asitoke nje ya tovuti ya KNBS. Ya mwisho inamwambia akuletee faili za PDF tu. Usiache nafasi baada ya nukta mbili, la sivyo amri haifanyi kazi. Ukitaka maneno yafuatane kama yalivyo, yafunge kwa alama za kunukuu.

Ripoti ya 2019 ina juzuu kadhaa. Juzuu ya I ndiyo yenye idadi ya watu kwa kaunti na kaunti ndogo, na kwa kazi hii inatosha. Juzuu ya II inashuka hadi maeneo madogo ya utawala, ya III ina umri na jinsia, ya IV ina mambo ya uchumi na maisha. Kwa 2009, tafuta Juzuu ya IA.

Onyo. Lile sanduku la jibu linalotokea juu kabisa ukiuliza "population of Kisumu" lisikuridhishe. Lina namba, lakini mara nyingi halisemi kama ni ya mji au ya kaunti, wala ni ya mwaka gani.

Utajua umefaulu ukiwa na faili mbili kwenye simu au flashi, na unajua ukurasa wa kila namba. Kama una namba bila ukurasa, hatua hii hujaimaliza.

## Hatua ya 3: Jua namba inahesabu nini

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo wino mwekundu unapoanzia.

Muhula uliopita binti mmoja aliketi mbele yangu, akafungua daftari, akasema, "Mwalimu, Kisumu imepungua watu."

Nikamwuliza ameonaje. Akanionyesha: 2009, watu 409,928. 2019, watu 397,957. Alikuwa ametoa vizuri, akagawanya vizuri, akapata upungufu wa asilimia 2.9. Chini yake alikuwa ameandika aya nzima ya maelezo: vijana wamehamia Nairobi, samaki wamepungua ziwani. Aya ilikuwa nzuri. Ilieleza jambo ambalo halikutokea.

"Dada, hizi ni za nini?"

"Za Kisumu."

"Kisumu ipi?"

Akanyamaza. Namba zote mbili zilikuwa za mji, na swali lilitaka kaunti. Tena hata kama swali lingetaka mji, zisingelinganishika, maana eneo lililohesabiwa kuwa mji katika namba ile ya 2009 silo lililohesabiwa 2019. Mpaka ndio uliosogea. Watu wako pale pale.

Mwone mama anayeuza mahindi Kibuye. Asubuhi akupimie kwa gorogoro nzima, jioni akupimie kwa ile iliyobonyea kitako, kisha akuambie mahindi yamepungua. Utamwambia kilichopungua ni gorogoro. Fanya vivyo hivyo na sensa: kabla ya kulinganisha, hakikisha gorogoro ni moja.

Neno "Kisumu" kwenye ripoti linaweza kuwa kaunti nzima. Linaweza kuwa mji. Linaweza kuwa sehemu ya jina la kaunti ndogo, kwa maana Kisumu Mashariki, Kisumu ya Kati na Kisumu Magharibi ni tatu kati ya saba za kaunti hiyo, pamoja na Seme, Nyando, Muhoroni na Nyakach. Nakuru nayo ina mtego wake: ilipandishwa hadhi kuwa jiji Desemba 2021, kwa hiyo maandishi mapya yakisema "Nakuru" huenda yanamaanisha jiji na si kaunti.

Kwa kila namba jiulize maswali manne, uyajibu kwa kalamu:

1. Ni ya eneo gani hasa?
2. Ni ya usiku gani? Sensa zote mbili zilihesabu usiku wa tarehe 24 kuamkia 25 Agosti, 2009 na 2019. Hilo linatupa miaka 10 kamili, na tutaihitaji.
3. Inahesabu watu au kaya? Safu ya kaya imekaa karibu na safu ya watu, na jicho lililochoka huteleza.
4. Ilihesabiwa kweli au ilikadiriwa? Ukiona namba ya 2015 au 2022, hayo ni makadirio, kwa sababu miaka hiyo hakukuwa na sensa.

Utajua umefaulu ukiwa na karatasi moja yenye mistari minne tu:

Kisumu, kaunti, 2009: 968,909
Kisumu, kaunti, 2019: 1,155,574
Nakuru, kaunti, 2009: 1,603,325
Nakuru, kaunti, 2019: 2,162,202

Mbele ya kila mstari, jina la ripoti na ukurasa. Karatasi hii usiipoteze. Mimi huiita hati ya kiwanja: anayekuuliza umejenga juu ya nini, unamtolea.

## Hatua ya 4: Zijaribu namba kabla ya kuzitumia

Hatua fupi, dakika tano, na karibu hakuna anayeifanya.

Jumlisha sehemu uone kama zinarudisha jumla. Kaunti ya Kisumu 2019 ina wanaume 560,942 na wanawake 594,609. Ukijumlisha unapata 1,155,551. Jumla ya ripoti ni 1,155,574. Kuna tofauti ya 23.

Hapo wengi hudhani KNBS imekosea, au wao wamenakili vibaya, wakairekebisha jumla. Usiguse. Sensa ya 2019 ilikuwa ya kwanza Kenya kuwahesabu watu huntha (intersex) katika safu yao wenyewe, na Kisumu walikuwa 23. Ongeza, jumla inakaa sawa.

Faida yake ni mbili. Umethibitisha kwamba ulinakili vizuri, na umeligundua jambo ambalo ukiliandika kwa sentensi moja mhadhiri atajua uliufungua ukurasa wenyewe.

## Hatua ya 5: Kokotoa

Fanya kwa mkono kwanza, hata kama una Excel. Mtihanini hakuna Excel.

### Tofauti

Toa ya zamani kutoka kwa mpya.

Kisumu: 1,155,574 − 968,909 = 186,665
Nakuru: 2,162,202 − 1,603,325 = 558,877

Ukipata hasi, umegeuza mpangilio au kaunti yako kweli imepungua. Rudi Hatua ya 3 kabla ya kuamini la pili.

### Asilimia

Gawanya tofauti kwa namba ya zamani, kisha zidisha kwa 100.

Kisumu: 186,665 ÷ 968,909 × 100 = 19.27
Nakuru: 558,877 ÷ 1,603,325 × 100 = 34.86

Kwa nini ya zamani? Kwa sababu unauliza "imeongezeka kwa kiasi gani kutoka pale ilipokuwa". Ilipokuwa ni 2009. Ukigawanya kwa namba mpya, Kisumu inakuwa 16.15 na Nakuru 25.85. Namba hizo hazionekani za ajabu, na hapo ndipo hatari ilipo: kosa hili halipigi kelele.

Kama bado unachanganya, kumbuka risiti. Bidhaa ya shilingi 1,000, ukiongeza VAT ya asilimia 16, ni 1,160. Ukitaka kurudi kwenye bei ya kwanza ukatoa asilimia 16 ya 1,160, unapata 974.40. Shilingi 25.60 zimepotelea wapi? Hazikupotea. Umebadilisha namba ya msingi katikati ya safari. Njia sahihi ni 1,160 ÷ 1.16.

### Kiwango cha mwaka

Hapa ndipo darasa hugawanyika. Wengi hugawanya kwa 10: Nakuru 34.86 ÷ 10, wakaandika asilimia 3.49 kwa mwaka. Inaonekana sawa. Si sawa, kwa sababu mwaka wa pili watu huongezeka juu ya wale walioongezeka mwaka wa kwanza, kama riba ya chama inayowekwa juu ya riba. Ukiikuza Nakuru kwa asilimia 3.49 kila mwaka kwa miaka 10, unafika karibu 2,259,000. Umezua kama watu 97,000 ambao hawakuhesabiwa na mtu.

Njia ni hii: gawanya namba mpya kwa ya zamani, chukua kipeuo chake cha kumi (yaani kipandishe kwa 1 ÷ 10), toa 1, zidisha kwa 100.

Kwenye kikokotoo, bonyeza hivi hivi, mabano na yote:

(1155574 ÷ 968909) ^ (1 ÷ 10) − 1 =

Unapaswa kuona 0.0178 hivi, yaani asilimia 1.78 kwa mwaka. Nakuru utapata 0.0304, yaani asilimia 3.04.

Mabano ndiyo yanayoua. Kabla hujatoa 1, kioo kinapaswa kuonyesha 1.0178. Ukiona 0.119, umesahau mabano ya pili: kikokotoo kimepandisha kwa 1 kisha kikagawanya kwa 10. Ukiona zaidi ya 291,000, umesahau mabano ya kwanza: kimepandisha namba ya chini peke yake. Andika makosa haya mawili ndani ya jalada la daftari, siku moja yatakuokoa saa moja na nusu ya mtihani.

Usiandike koma kwenye kikokotoo. Koma ni za karatasi.

Kwenye Excel au Google Sheets, kama 2009 iko B2 na 2019 iko B3, fomula ni `=(B3/B2)^(1/10)-1`. Ikikataa, tazama namba zimeegemea upande gani wa kisanduku. Ulizonakili kutoka PDF mara nyingi huingia kama maandishi, na maandishi huegemea kushoto. Zifute, uziandike upya kwa mkono.

Utajua umefaulu ukifanya safari ya kurudi: 1,603,325 × 1.0304^10. Unapaswa kukaribia 2,162,202. Haitakuwa sawasawa kabisa kwa sababu tumekata desimali, lakini tofauti iwe ya mamia au maelfu machache, si makumi ya maelfu.

## Hatua ya 6: Linganisha kwa kipimo kinachostahili

Usiseme tu "Nakuru iliongezeka kuliko Kisumu". Iliongezeka kwa watu au kwa kasi? Katika mfano wetu ni vyote viwili, lakini kaunti zako huenda zikatofautiana. Sema kila kimoja.

Tafuta na kipimo cha tatu cha kukanyagia. Kenya nzima ilitoka 38,610,097 hadi 47,564,296, ongezeko la asilimia 23.2. Sasa una jambo la kusema: Nakuru ilikua kwa kasi kuliko nchi, Kisumu ilibaki nyuma ya nchi.

Msongamano ni nyongeza nzuri. Nakuru ilikuwa na watu 290 kwa kila kilomita ya mraba mwaka 2019, Kisumu 554. Kaunti yenye watu wengi zaidi ndiyo yenye nafasi zaidi, kwa kuwa ina kilomita za mraba zipatazo 7,462 na Kisumu kama 2,085. Ukitaka kushangaa, itazame Vihiga: watu 590,013 tu, lakini 1,047 kwa kila kilomita ya mraba. Anayetoka Mbale hashangai. Anajua shamba la babu limegawanywa mara ngapi.

Angalia: ukubwa wa Kisumu utaukuta ukiwa tofauti kwenye kurasa mbalimbali, kwa sababu kuna wanaohesabu na maji ya Ziwa Victoria. Tumia eneo lililo kwenye jedwali lile lile ulilotoa watu. Gorogoro moja.

### Asilimia na pointi za asilimia

Nalitaja haraka kwa sababu litakuja. VAT ya mafuta ya petroli ilipandishwa Julai 2023 kutoka asilimia 8 hadi 16. Iliongezeka kwa kiasi gani? Kwa pointi 8 za asilimia, au kwa asilimia 100. Zote ni kweli. "Iliongezeka kwa asilimia 8" si kweli. Nawe ukisema kiwango cha Nakuru kilizidi cha Kisumu, 3.04 kwa 1.78, andika "kwa pointi 1.26 za asilimia".

## Hatua ya 7: Tafuta sababu, usizitunge

Swali linaposema "eleza", haliulizi unafikiri nini. Linauliza nani ameshalichunguza na alipata nini.

Jedwali la Juzuu ya I halina safu ya watu walikotoka. Kwa hiyo huwezi kuandika "watu wa Kisumu walihamia Nakuru" ukiwa na namba hizi pekee, hata kama una binamu watatu waliohamia huko. Binamu si data.

Anzia maktaba. Kama yenu inapanga vitabu kwa Dewey, takwimu ziko 519.5. Kama inatumia mfumo wa Library of Congress, nenda QA276. Kisha ingia kwenye majarida ya mtandaoni. Vyuo vingi nchini vimejiunga na muungano wa maktaba uitwao KLISC, kwa hiyo makala unayoambiwa ulipie dola 30 huenda chuo chako kimeshailipia. Usitoe senti kabla ya kumwuliza mkutubi.

Kwenye Google Scholar andika:

`"Nakuru" AND (migration OR urbanization) AND population`

AND huchuja, OR hupanua, mabano hufanya kazi ile ile ya kwenye kikokotoo: yanasema kipi kifanywe kwanza. Aliyeelewa mabano ya Hatua ya 5 hapa hana taabu.

Makala ikija, isome kwa mpangilio huu: muhtasari, jinsi utafiti ulivyofanywa, hitimisho. Angalia walihoji watu wangapi na wapi. Utafiti wa mtaa mmoja hauwezi kuisemea kaunti nzima.

Onyo la leo. Programu za akili bandia hutunga marejeleo. Hukupa mwandishi, mwaka, jarida, kurasa, vyote vikiwa vimevaa suti, na makala yenyewe haipo duniani. Kila rejeleo lenye DOI, ile namba ya kudumu ya kuitambulisha makala mtandaoni, ibandike kwenye doi.org uone kama mlango unafunguka, na kama unafungukia makala hiyo hiyo. Lisilo na DOI, tafuta kichwa chake ndani ya alama za kunukuu. Usipokipata wala nakala yake, lifute.

Utajua umefaulu ukiwa na makala mbili ulizozifungua mwenyewe, na kwa kila moja unaweza kutaja sentensi moja na ukurasa wake.

## Hatua ya 8: Andika

Aya ya wengi huwa hivi:

*Nakuru imekua sana kuliko Kisumu kwa sababu ya maendeleo. Ina watu milioni 2 (Google, 2023).*

Google si mwandishi. "Sana" si kipimo. "Maendeleo" ni neno la jukwaani.

Aya hiyo hiyo ikishapitia hatua saba:

*Kati ya sensa ya 2009 na ya 2019, idadi ya watu katika Kaunti ya Nakuru iliongezeka kutoka 1,603,325 hadi 2,162,202, ongezeko la asilimia 34.86, sawa na wastani wa asilimia 3.04 kwa mwaka. Katika kipindi hicho Kaunti ya Kisumu iliongezeka kwa asilimia 19.27, ambayo ni chini ya ongezeko la nchi nzima la asilimia 23.2 (KNBS, 2010, 2019, hesabu za mwandishi).*

Maneno "hesabu za mwandishi" yana kazi. Yanamwambia msomaji kwamba idadi ni ya KNBS lakini asilimia umekokotoa wewe. Bila hayo unaisingizia KNBS namba isiyoichapisha, na kosa lako la mabano linakuwa lao.

Katika mtindo wa APA, ambao ndio vyuo vingi vya huku huuliza, rejeleo la ripoti huanza na jina la shirika, kisha mwaka kwenye mabano, jina la ripoti kwa herufi za mlazo pamoja na juzuu, na anwani ya mtandao. Jina la ripoti liache kwa lugha yake. Zotero, ambayo ni programu ya bure ya kupanga marejeleo, itakupangia, lakini mara nyingi hulichukua jina la shirika kama la mtu na kuandika "Statistics, K. N. B. of". Ukiona mtu huyo kwenye orodha yako, badilisha sehemu ya mwandishi iwe jina la shirika lisilogawanywa.

Desimali: chagua mbili au moja, ushikilie hiyo hadi mwisho. Kata mwishoni tu. Ukikata kila hatua, makosa madogo hujumlishana.

## Hatua ya 9: Kabla ya kuwasilisha

Mpe mwenzako ile karatasi ya mistari minne na kikokotoo tu, bila kazi yako. Afike kwenye 19.27 na 34.86 mwenyewe. Asipofika, tafuteni pamoja ni wapi mliachana.

Kisha chukua kila namba iliyo kwenye kazi, moja moja, uitie alama kwa kalamu ya pili: hii ni ya ukurasa fulani, hii nimeikokotoa hapa. Isiyo na alama haina mwenyewe, itoe.

Hifadhi faili kama PDF kabla ya kwenda saiba. Ukienda na faili ya Word, mashine ya pale huenda haina fonti yako, jedwali likavunjika, na ishara ya kipeo ikageuka kisanduku tupu. Chapisha nakala mbili. Moja ya mhadhiri, moja yako, ibanwe pamoja na karatasi ya mistari minne, maana wapo wahadhiri wanaokuita mbele na kukuuliza, "Hii 968,909 umeitoa wapi?" Na hapo unafungua ukurasa.